Mhusika aliyeacha fidla akaolewa: majuto yake yanachosha wasomaji, nimekosea wapi?

#1 KalamuKavu

Wakuu, habari za humu.

Nina mswada wa riwaya, maneno kama 82,000, sura 30. Mhusika wangu, tumwite Zuhura, alikuwa mpiga fidla. Akiwa na miaka 22 aliitwa kwenye usaili wa okestra, hakwenda, akaolewa, na fidla ikapanda juu ya kabati. Riwaya inamkuta ana miaka 41, watoto wawili, mume yupo nyumbani.

Wasomaji watatu wameupitia, na wote wamesema jambo lile lile kila mmoja kwa maneno yake: mpaka sura ya 4 wanamhurumia, kuanzia ya 5 wanamchoka. Anakaa dirishani, anakumbuka, redio ikipiga muziki anatokwa machozi, anarudi jikoni. Mmoja ameandika pembeni "tumeshaelewa" mara 11. Nimezihesabu.

Nataka kujua mambo matatu. Tatizo ni wingi wa majuto au ni namna nilivyoyaandika? Halafu sura ya 19: Zuhura anashusha kasha usiku, anapiga kipande kizima kwa mara ya kwanza baada ya miaka 19, nyumba inaamka, mume anasimama mlangoni ameduwaa. Msomaji mmoja anapiga fidla. Alipofika hapo alicheka, na hakunieleza kwa nini. La mwisho ni mume. Nimemfanya katili. Najua ni njia ya mkato, ila kila nikimfanya mwema naona sababu ya Zuhura kuacha inayeyuka.

Naomba ufundi. Kunipa moyo tuache kwa leo.

#2 WinoMwekundu

Mkuu, kabla hujafuta chochote, hesabu. Chukua kalamu za rangi tatu. Nyekundu kila mahali majuto yanapotajwa: majuto, laiti, ndoto, maisha aliyoyaacha, "leo angekuwa wapi". Buluu kila mahali yanapoonekana ndani ya tendo bila kutajwa. Kijani kila mahali yanapomgharimu mtu kitu leo hii: fedha, uongo, ugomvi, imani ya mtoto. Mswada unaochosha huwa mwekundu tupu, buluu ya kubahatisha, kijani hakuna. Weka zile "tumeshaelewa" 11 juu ya rangi zako uone zimeangukia wapi.

Majuto hutazama nyuma, kisa huenda mbele. Mtu anayejuta tu hana la kuamua, na asiye na la kuamua hatendi, anakaa dirishani. Kwa hiyo yape majuto kazi. Kila yanapoingia, yamfanye Zuhura akosee jambo la siku ileile. Mfano: mtoto anaimba bafuni, sauti imeshuka kidogo. Mama yuko koridoni na nguo za kukunja. Anamsahihisha kupitia mlangoni. Mtoto anarudia, bado iko chini. Anamsahihisha tena. Mara ya tatu mtoto ananyamaza, yanasikika maji tu. Fidla haikutajwa, na ukurasa huo umeacha deni: bafuni hakuimbwi tena, na sura saba mbele baba anauliza mbona nyumba imepoa. Ukipata matukio matano ya namna hiyo, dirisha unaweza kulifunga kabisa.

Jambo jingine ni sarufi. Una -nge- na una -ngali-. "Ningepiga", mlango umerudishiwa tu. "Ningalipiga", umepigiliwa misumari. Katika mazungumzo ya kila siku watu huzichanganya, na wahusika wako wakiongea waache wazichanganye. Lakini ndani ya fikra za Zuhura zitenge kwa makusudi. Sura 18 za mwanzo afikiri kwa -ngali- peke yake: ningalikwenda, wangalinichukua, ningalikuwa. Siku anapoligusa kasha, sentensi moja iteleze: "ningezibadilisha hizi nyuzi." Basi, usiirudie. Msomaji hataona ulichofanya, atasikia tu hewa imeingia.

"Laiti" nakuruhusu mbili kwa kitabu kizima. Na tafadhali sana, "majuto ni mjukuu" isiwe jina la sura wala isitoke kinywani mwa bibi. Kila mswada wa aina hii unayo, na kila mara anayeisema ni bibi.

#3 Shanga

Nijibu la mume.

Mume anayeharibu vifaa vya sanaa vya mke wake alishaandikwa zamani. Anne Brontë alimwandika mwaka 1848: mume anagundua mke anapanga kutoroka na kujilisha kwa uchoraji, anavitupa vifaa vyake motoni. Pale inafanya kazi kwa sababu rangi zile ndizo nauli ya kutorokea, anachochoma ni njia. Wako anakataza tu kwa kuwa ni mkali, na msomaji akimaliza kumchukia hana cha kufikiri tena.

Tazama maisha halisi yalivyo magumu kuliko hivyo. Alma Schindler alikuwa mtunzi wa muziki. Desemba 1901 mchumba wake, Gustav Mahler, alimwandikia barua ndefu akimtaka aache kutunga; nyumbani mtunzi awe mmoja. Hakumficha kitu, hakumfungia mlango. Alma alisoma, akakubali, wakaoana Machi 1902. Miaka minane baadaye, 1910, ndoa ikiwa inayumba, Mahler akazitoa zile nyimbo, akazisifu, akahimiza zichapishwe, na tano zilichapishwa mwaka uleule. Mei 1911 akafariki. Wema wa mume uliochelewa unakupa tukio kuliko ukatili wake, kwa sababu Zuhura hawezi kuupokea na hawezi kuukataa.

Kuna na kinyume chake. Fanny Mendelssohn aliambiwa na baba yake, 1820, kwamba muziki huenda ukawa kazi ya mdogo wake Felix, kwake yeye uwe pambo tu. Aliyemsukuma aendelee kutunga ni mume, Wilhelm Hensel, mchoraji. Mkusanyiko wake wa kwanza kwa jina lake mwenyewe ulitoka 1846, akafa Mei 1847 na miaka 41, umri wa mhusika wako. Kwa hiyo hata swali la "nani alimzuia" usiliache limwangukie mume kwa mazoea.

#4 Msomaji_tu

Uzi mzuri. Swali dogo: mbona hakuna anayeuliza mume naye aliacha nini?

#5 FundiNyuzi

KalamuKavu, huyo msomaji alicheka kwa sababu hiyo fidla haipigiki. Imekaa miaka 19 juu ya kabati, sehemu yenye joto kuliko zote chumbani, na hakuna aliyeifungua. Hiki ndicho Zuhura atakachokikuta.

Anza na sauti kabla ya macho. Akiliinua kasha, ndani ya fidla kuna kitu kinagongagonga. Ni kijiti cha mti laini, unene wa milimita 6 hivi, ambacho husimama ndani ya tumbo la fidla, nyuma kidogo ya mguu wa daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, upande wa uzi mwembamba. Hakigundishwi. Kinashikiliwa na mgandamizo tu kati ya uso na mgongo. Nyuzi zote zikilegea, mgandamizo unapungua na daraja linaanguka. Kijiti nacho huanguka, hasa kasha likitikiswa. Waitaliano na Wafaransa hukiita roho. Ukweli wenyewe ndio huo, ila nakusihi usimwache msimulizi aufafanue. Fundi aseme "roho imeanguka, njoo Alhamisi", kama anavyowaambia wateja wote, na Zuhura aitikie sawa.

Nyuzi zinalegea peke yake kwa sababu vigingi vya kuzikazia ni vya mbao na vimebanwa kwenye matundu ya mbao. Hewa ikikauka vinasinyaa na kuteleza. Ikiwa na unyevu vinavimba na kung'ang'ania. Uzi wa juu, ule wa chuma, utakuwa na kutu na utakatika akijaribu kuukaza. Ukimkata kidoleni ni sawa, hutokea.

Upinde ndio wenye sura mbaya zaidi. Una singa kama 150 hadi 200 za mkia wa farasi, na ndani ya kasha lenye giza lisilofunguliwa mabuu ya wadudu wadogo huzila. Anafungua kasha, singa zinamwagika kama nywele zilizonyolewa, nyingine zimebaki nne tano zimening'inia. Kama siku ya mwisho aliusahau umekazwa, ule mpindo wa fimbo umefifia na haurudi wenyewe. Amua mapema: je, siku ya mwisho aliulegeza? Mpiga fidla hulegeza skrubu ya upinde bila kufikiri kila anapomaliza. Ukiukuta umekazwa maana yake aliondoka katikati ya jambo. Unaweza kuijenga sura nzima juu ya skrubu hiyo moja.

Rozini, ile gundi kavu ya utomvu wa msonobari anayoipaka kwenye singa, inaweza kuwa imepasuka lakini bado inafaa ukiikwaruza uso. Kwenye mbavu, zile kuta za pembeni za fidla, pengine mshono umeachia. Hilo si janga: gundi ya fidla huwekwa dhaifu kwa makusudi ili ijifungue yenyewe kabla mbao hazijapasuka.

Kwa hiyo sura ya 19 hakuna muziki. Kuna kasha wazi na mkono wenye vumbi la rozini. Hilo halikupunguzii kitu: sasa analazimika kuipeleka kwa fundi, kumwambia mtu, kulipa, na kueleza fedha imekwenda wapi. WinoMwekundu ameomba kijani, hiyo hapo.

#6 KalamuKavu

Aisee. Nimesoma mara mbili. Akishatengenezewa, sura ya 22 nimemweka kwenye tamasha la mtaa wiki 3 baadaye. Inawezekana?

#7 FundiNyuzi

Haiwezekani, na usijaribu kuipamba. Nyuzi mpya zenye moyo wa sintetiki peke yake huchukua siku kadhaa kutulia; siku ya kwanza atazikaza kila baada ya dakika chache. Hapo tunazungumzia fidla tu, mwili bado.

Sugu za ncha za vidole vya kushoto zilishaisha miaka 18 iliyopita. Atapiga dakika 15, atakuwa na mifereji myekundu vidoleni, atasimama. Zinarudi taratibu, kwa wiki, akishika kila siku. Kidole cha mwisho kitakuwa hakina nguvu. Mkono wa kulia utamwaibisha kuliko wa kushoto: avute upinde polepole na kwa sauti ndogo, utatetemeka, na mtetemo huo husikika. Akihamisha mkono kwenda juu ya shingo ya fidla atapitiliza au hatafika. Kinachobaki ni kusoma nota, mpangilio wa vidole karibu na vigingi, na vipande alivyovijua tangu utotoni.

Sikio halikupata kutu. Kwa miaka 19 limeendelea kusikiliza, pengine limekuwa kali zaidi, na sasa linasikia kila kosa la mkono. Anayeanza akiwa na miaka 41 bila historia hufurahia kupiga wimbo wa watoto. Zuhura hawezi. Hapo ndipo majuto yako yalipo, kwenye umbali kati ya sikio na mkono, na unaweza kuuandika kwa skeli moja, nota zikipandishwa moja moja kwa mpangilio, bila neno lolote la hisia: nota ya tatu iko juu, anajua, anashusha, sasa iko chini, anajua.

Akifanya dakika 45 kila siku kwa miezi mingi, anaweza kukaa nyuma ya safu ya fidla za pili kwenye okestra ya wasio wa kulipwa. Solo ya tamasha mfutie.

Mengine madogo. Usiku hatoamsha nyumba kwa sababu kuna kiziba sauti, kipande kizito cha mpira au chuma kinachopachikwa juu ya daraja. Kila aliyewahi kuishi na majirani anacho ndani ya kasha. Fidla inatoka sauti nyembamba kama inayotoka chumba cha tatu. Mume akiamka, asiamshwe na muziki. Aamshwe na kitanda kilichopoa upande mmoja. Chini ya taya la kushoto wapiga fidla hupata alama ya kahawia; hufifia kwa miaka, wengine haiishi. Na kucha: bado anakata za mkono wa kushoto fupi kuliko za kulia. Hajui kwa nini. Binti yake ndiye aliyeona.

#8 KalamuKavu

Kucha naichukua leo hii.

#9 Turubai

Kwa wanaopita hapa na wahusika wa sanaa nyingine: msihamishe majuto ya fidla kwenda kwenye rangi. Kila sanaa inaharibika kwa njia yake, na majuto hufuata njia hiyo.

Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kuondoka. Inakauka kwa mafuta kuvuta oksijeni. Kwa hiyo tyubu iliyofungwa vizuri, hata baada ya miaka 20, huenda ikawa laini ndani. Kinachokwama ni kifuniko, na mafuta yamejitenga, yanatoka kwanza ya njano kabla rangi haijafuata. Brashi ambayo haikuoshwa siku ya mwisho imekufa, kamba za mti zina nafuu. Mchoraji anakuta rangi zimemngoja na brashi hazikumngoja. Halafu mkono wake haujapotea sana, ndani ya mwezi anachora tena. Ndiyo maana majuto yake ni magumu zaidi kuyabeba: hana mwili wa kuulaumu. Muda ulikuwepo, alikuwa anaweza wakati wote.

Mwimbaji, ala ni yeye mwenyewe, imezeeka naye, na baada ya kukoma hedhi sauti ya mwanamke mara nyingi hushuka na nota za juu kuwa ngumu. George Eliot, 1876, katika riwaya ya Daniel Deronda, ana mwimbaji mkubwa anayeitwa Alcharisi. Huyu alimtoa mwanawe wa miaka miwili alelewe na mtu mwingine ili abaki na jukwaa. Kisha akaanza kuimba nje ya tyuni, akaogopa kungoja mpaka watu waseme ni bora aondoke, akaolewa na mkabaila wa Urusi na kujifanya anapendelea maisha ya ndoa. Halafu ule ubovu wa sauti ukapita kama ugonjwa. Sauti ilirudi na njia ya kurudi haikuwepo. Ndoa haikumnyang'anya sanaa, aliikimbilia kujificha. KalamuKavu, jiulize kama Zuhura naye hakuukimbia ule usaili.

Mchezaji wa baleti ana saa ukutani. Wengi hustaafu katikati ya miaka ya thelathini, basi akiwa na 41 hata dada zake waliobaki jukwaani wameshaacha. Alichopoteza kina urefu unaopimika. Wengine hata hawajutii jukwaa, wanajutia kutochoka.

Mwandishi sina la kusema. Kalamu haipati kutu, hakuna kasha la kushusha, na riwaya za mhusika anayejutia kutoandika zinanishinda kumaliza.

#10 WinoMwekundu

Turubai amegusa nilipotaka kwenda. KalamuKavu, mume mwema anakushinda kwa sababu unaitafuta siku ambayo Zuhura aliacha. Ifute hiyo siku. Asiukose usaili, auahirishe.

Fanya hesabu ya saa. Mpiga fidla anayejiandaa kwa usaili wa ngazi hiyo hufanya mazoezi kama saa 4 kwa siku. Siku 6, saa 24 kwa wiki. Usizichukue kwa mkupuo. Wamehamia nyumba yenye kuta nyembamba na jirani wa zamu ya usiku analala mchana: zimebaki 2 kwa siku. Anaanza kufundisha watoto wa watu kwa kuwa kodi ni ya wawili: sasa anashika fidla muda mrefu kuliko zamani, lakini anapiga nyimbo za wanaoanza. Mimba inakuja, usaili unasogezwa mwaka. Upinde wa pili unauzwa, kwa sababu ya maana kabisa. Kasha linatoka sebuleni ili mtoto asiliangushe, linaingia chumbani. Linapanda kabatini likipisha kitanda cha mtoto.

Mwisho zimebaki dakika 40. Kupasha vidole na skeli vinakula 25. Dakika 15 hazitoshi kufundisha mkono kitu kipya, zinatosha tu kumwonyesha kila siku kwamba leo yuko chini kuliko jana. Mtu mwenye akili timamu huachia hapo. Hakuna aliyemkataza, na mume mwema yuko chumba cha pili anamshikia mtoto ili apate hizo dakika 40. Ukiandika hivyo, msomaji anarudi nyuma kuutafuta ukurasa ambao aliacha, na haupati.

Hatua hizo, kila moja nusu ukurasa, zitawanye kuanzia sura ya 3 hadi ya 18. Mimi ningezipanga kinyume, kutoka kabatini kurudi kwenye usaili, ili msomaji afike kwenye kijana wa miaka 22 akiwa ameshajua kila kilichokwisha kutoka mikononi mwake. Historia yote ya nyuma isizidi maneno 10,000 kati ya 82,000 zako.

Kingine ambacho mswada wako inaelekea hauna: je, alikuwa hodari kweli? Anayejuta hujikumbuka kwa siku yake bora. Mpe msomaji ushahidi ambao haukutoka kichwani mwa Zuhura. Barua ya mwalimu ni dhaifu, walimu husifu. Tafuta kitu kinachosikika.

#11 KalamuKavu

Nina kaseti. Sura ya 25 anaikuta kaseti ya onyesho lake la mwisho la chuoni, anaisikiliza, anasikia alikuwa mzuri mno, analia. Ndiyo, najua, analia. Nitalitoa hilo.

#12 FundiNyuzi

Kaseti ni nzuri kuliko unavyoitumia, kwa sababu kaseti hudanganya.

Kinu cha zamani, yaani mashine ya kuchezea kaseti, kina mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu. Mpira ukizeeka unalegea, kinu kinakwenda polepole, na sauti yote inashuka. Kasi ikipungua kwa asilimia 3 tu, muziki unashuka kama nusu ya nusu toni, kiasi hicho hicho ambacho mpiga fidla mbaya hukosea. Betri zikichoka ni vivyo hivyo. Tena ndani ya kaseti kuna kijisufu kinachousukuma utepe kwenye kichwa cha kusomea. Gundi yake hukauka, kinadondoka, sauti inakuwa kama ya nyuma ya blanketi.

Sasa Zuhura anasikia fidla iko chini. Ni yeye alikuwa chini, au ni kinu? Sikio lile kali haliwezi kumwambia. Anabadilisha betri, anasikiliza tena. Anaazima kinu kingine, kinakwenda haraka kidogo, sasa yuko juu. Ushahidi pekee alionao kuhusu maisha yale unabadilika kulingana na mashine.

#13 Shanga

Hiyo inatosha kuwa mwisho wa kitabu.

#14 WinoMwekundu

Ngoja kwanza. KalamuKavu, kwenye hilo onyesho anapiga peke yake au na piano?

#15 KalamuKavu

Na piano. Kwa nini?

#16 FundiNyuzi

Basi hana pa kujificha. Kinu kikienda polepole, piano na fidla vinashuka pamoja, kiasi kilekile. Umbali kati yao haubadiliki. Asiipime fidla kwa kumbukumbu yake, aipime kwa piano iliyo chini yake. Nota ndefu zile ambazo piano inashika chodi (nota kadhaa kwa pamoja) na fidla inakaa juu, hapo atajua katika sekunde mbili kama alikuwa ndani au nje. Atajua pia ni nani alikuwa anamfuata mwenzake.

#17 KalamuKavu

Naitoa piano basi. Nataka asijue.

#18 WinoMwekundu

Usiitoe. Mwache asikilize siku tatu akilaumu kinu, na siku ya nne ndipo aisikie piano. Anaweza kuizima kabla ya nota ndefu, hilo ni lake. Ila umeacha jambo kubwa kuliko hilo: nani anapiga?

#19 KalamuKavu

Sikuwahi kumpa jina. Mwanafunzi mwenzake tu.

#20 Msomaji_tu

Niliuliza pale juu mume aliacha nini.

#21 KalamuKavu

Sasa hivi nimenyamaza hapa natazama sura ya 1. Nimewaweka sebuleni kwao na sikuandika kama kuna piano.

#22 FundiNyuzi

Kama ipo, ujue haipandi kabatini. Inakaa mbele ya watu wote, inawekewa picha za watoto juu yake, na hiyo nayo imeachwa, tofauti ni kwamba hakuna anayeiona imeachwa. Ina nyuzi kama 230 zinazovuta kwa jumla ya tani 18 hivi, inatakiwa kutyuniwa karibu mara mbili kwa mwaka, na isipoguswa miaka 19 inashuka yote, ila bila usawa. Kuirudisha juu si kazi ya siku moja: fundi akiikaza upande mmoja, upande aliomaliza unalegea tena, anarudia, kisha anakuja tena baada ya wiki kadhaa. Nyuzi nyingine zitakatika.

Fidla ya Zuhura imetoka kwa fundi na iko sawasawa. Usiku mumewe akiifunua ile piano wajaribu pamoja, havitapatana hata kwa nota moja. Mmoja lazima amfuate mwenzake. Piano haiwezi kupanda usiku huo, na fidla ina nyuzi nne. Atazilegeza yeye, ni kazi ya dakika moja.